Picha moja kwa siku: mwongozo wa mtu asiye na kamera

Pale mwalo wa Masese, Jinja, nchini Uganda, kulikuwa na nguzo fupi ya mti, kimo cha goti, ambayo wavuvi walifungia mitumbwi. Oktoba 2019 nilipoipiga picha mara ya kwanza ilikuwa mchangani, hatua tano kutoka majini. Sikuwa na nia yoyote. Nilikuwa nimenunua simu ya mtumba yenye kamera nzuri kidogo, na mtu akiwa na simu ngeni mkononi hupiga hata mbuzi. Krismasi maji yalikuwa yanailamba miguu. Machi kilibaki kichwa tu juu ya maji. Mei 2020 nguzo haikuonekana tena, na redio ikatangaza kwamba Ziwa Victoria limefika mita 13.42 kwenye kipimo cha hapa Jinja, likaipita rekodi ya mita 13.41 iliyowekwa Mei 1964. Mtaani watu walishangaa. Mimi habari ile nilikuwa nayo mfukoni tayari, picha baada ya picha, ila sikujua kwamba ni habari.

Sijawa mpiga picha hadi leo. Nashika vitabu vya hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi mjini, nakaa Walukuba, na simu yangu ya sasa ina ufa kwenye kioo. Lakini tangu mwaka ule nimepiga picha karibu kila siku, na kazi hiyo imenibadilisha mahali ambapo sikutarajia. Haya hapa chini ni maelekezo ambayo ningependa mtu angenipa mwanzoni.

1. Jiwekee sharti dogo, dogo mpaka ulionee aibu

Sharti langu: kati ya kuamka na kulala, ipatikane picha moja ya kubaki. Sijasema nzuri. Ibaki tu.

Februari 2020 malaria ilinilaza. Siku ya tatu nilinyoosha mkono nikapiga kikombe cha maji na pakiti ya dawa juu ya stuli, huku kichwa kiko kwenye mto. Picha imepinda, nusu yake ni chandarua. Ndiyo iliyookoa zoezi zima, kwa sababu baada ya pale kila kisingizio kilikosa pa kusimama. Nikichoka, najiambia: uliweza ukiwa na malaria.

Wenzangu niliowashawishi waanze, karibu wote walijitwisha sharti zito. Mmoja alitaka machweo ya jua kila jioni, mwingine alitaka picha ya kuweka kwenye stetasi ya WhatsApp na kusifiwa. Hawakumaliza mwezi. Machweo yana mawingu yake, na sifa za watu huchoka kabla yako.

Siku ukikosa, acha pengo. Mwaka 2021 nilikosa siku 11, na nilishawishika kupiga picha mbilimbili kisha nibadilishe tarehe ili mstari uonekane mzima. Nilifanya hivyo mara moja. Ile picha ya uongo mpaka leo nikiifikia naijua, inanitazama. Siku hizi nikikosa naandika sababu mahali pa picha: “mazishi Iganga, sikutoa simu.” Pengo lenye sababu nalo ni kumbukumbu.

2. Ifunge picha kwenye jambo unalolifanya tayari

Usitegemee kukumbuka. Shughuli za mchana huko zina namna ya kumeza nia njema. Tafuta jambo ambalo hukosi kulifanya, kisha ubandike picha juu yake: chai ya asubuhi, kufungua duka, adhana ya alasiri, kumpeleka mtoto shule. Mimi napita na baiskeli karibu na Masese kila asubuhi. Nimeweka picha pale, kabla sijafika kazini.

Sikuanza hivyo. Miezi ya mwanzo nilikuwa nakumbuka usiku, tayari niko kitandani, napiga kitu chochote chenye mwanga wa balbu: kiatu, redio, kichwa changu kwenye kioo. Zikijaa picha za namna hiyo mfululizo, jua kwamba unalipa kodi, huangalii kitu. Hamisha saa.

Huku kwetu tuna bahati ambayo watu wa kaskazini ya dunia hawana. Jinja iko karibu na mstari wa ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na karibu saa moja. Hakuna majira ya giza la kukukatisha tamaa. Lakini bahati hiyo ina gharama: jua letu hupanda wima, haraka, na jioni hushuka wima vilevile. Ule mwanga mtamu wa pembeni, unaopaka ukuta rangi ya asali, haukai. Jua likishazama, dakika ishirini hivi ni giza. Ukiuona, simamisha baiskeli hapohapo. Ukisema utaupiga ukirudi, hutaukuta.

3. Chagua kitu kimoja cha kurudia

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu watu wengi huruka hatua hii wakidhani kurudia ni kukosa ubunifu.

Picha ya kila siku iwe huru, upige utakacho. Lakini ndani ya wiki, angalau mara mbili au tatu, rudi mahali palepale, simama palepale, shika simu kwa urefu uleule. Mimi niliweka alama: jiwe moja lililochongoka kando ya njia. Naweka mguu wa kushoto pale, simu kifuani, mstari wa ziwa katikati ya kioo. Ukibadilisha pembe kila siku, baadaye hutajua kama ni dunia imebadilika au ni wewe uliyesogea.

Nguzo ilipozama nilihamia kwenye nyavu za kuanikia dagaa, wale tunaowaita mukene. Asubuhi nyavu hutandazwa chini, dagaa wamemwagwa juu yake, wanang'aa kama vipande vya bati. Nilipiga kwa miezi miwili bila kuwaza chochote. Jumapili moja nilikuwa nazipitisha picha kwa kidole, haraka haraka, nikaona kitu: zimejaa, zimejaa, zimejaa, tupu. Tupu siku kadhaa. Kisha zinajaa tena. Nikahesabu, kumbe kati ya pengo na pengo ni wiki nne.

Kesho yake nikamuuliza mama mmoja anayeanika pale.

“Mama, mbona kuna siku nyavu zinakuwa tupu?”

Alinitazama kama mtu anayeuliza kwa nini usiku kuna giza. “Mwezi, mwanangu. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hafuati taa. Watu wanalala nyumbani.”

Nimezaliwa Jinja. Nimekula mukene tangu sijaota meno. Sikujua. Wavuvi hutoka na taa usiku wa giza, samaki husogelea mwanga. Mbalamwezi ikitanda juu ya maji, taa ya mtumbwi haina la kumwambia dagaa. Kila mtu pale mwaloni alijua isipokuwa karani anayepita na baiskeli. Na nisingeuliza kama picha zisingekuwa zimepangana.

Kwa hiyo chagua kitu kinachobadilika polepole: mti, ukuta unaojengwa, kibanda cha chapati, mlango wa jirani, shamba la mahindi, mkono wa mtoto. Kitu kilicho njiani mwako, usichohitaji nauli kukifikia.

Cha pili nilichokirudia kilinijia chenyewe. Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona. Binti yangu alikuwa darasa la pili. Tukadhani ni mwezi mmoja. Kila Jumatatu nikawa napiga kufuli la geti la shule yake, mnyororo ukizidi kuota kutu na nyasi zikipanda kwenye vyuma. Kwa watoto wa umri wake ilikuja kuwa karibu miaka miwili, hadi 10 Januari 2022. Asubuhi ile sikupiga geti. Nilipiga pindo la sketi yake. Mama yake alikuwa ameishusha usiku kucha ili ifike magotini, na pale pindo la zamani lilipokuwa kitambaa kilibaki na rangi nzito ya bluu, mstari mpana wa vidole vinne, juu yake kitambaa kilichopauka. Katika picha zote nilizo nazo, nikiulizwa miaka ile ilikuwaje, naonyesha mstari ule.

4. Mwanga na simu

Ufundi ni mchache kuliko watu wanavyodhani.

Futa lenzi. Simu inakaa mfukoni na sarafu, jasho na mafuta ya mandazi. Nusu ya picha ninazoonyeshwa zikiwa na ukungu tatizo ni kioo kichafu. Ncha ya shati la pamba inatosha.

Usivute picha kwa vidole. Ukivuta, simu haisogei karibu, inakata tu kipande na kukikuza, ndiyo maana sura zinakuwa za chengachenga. Tembea. Hatua nne mbele ni bora kuliko kuvuta, na ukitembea mara nyingi unaona kitu kingine njiani.

Gusa kioo mahali unapotaka paonekane vizuri. Simu nyingi huleta alama ya jua pembeni. Itelezeshe juu picha ing'ae, chini iwe nzito. Hili ni la lazima kwa watu wenye ngozi yetu. Mweke mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe au anga, simu itaona weupe mwingi, itapunguza mwanga wote, na uso utabaki kivuli chenye meno. Gusa uso, pandisha. Au fanya kilicho rahisi zaidi: mwombe asogee barazani, chini ya paa, ageukie nje. Kivuli chenye mwanga unaotoka mbele ndiyo studio ya bure kuliko zote. Dagaa ni kinyume chake: wanaakisi, kwa hiyo gusa wao, teremsha, la sivyo utapata doa jeupe.

Saa sita mchana, hasa Machi na Septemba jua linapotupita utosini, macho ya watu yanakuwa mashimo meusi. Saa hizo piga vitu, vivuli, mikono, mizani, usiwapige watu nyuso. Flashi izime, uisahau.

Na jiwekee kikomo cha kubonyeza. Mimi ni mara tatu kwa kitu kimoja. Mtu akibonyeza mara arobaini anaiachia simu kazi ya kuangalia, halafu jioni anakesha akichagua.

5. Kabla hujampiga mtu

Hatua hii ilinichukua mwaka kuifikia, nitaeleza mbele kwa nini.

Salimia kwanza, simu ikiwa chini. Sio simu juu kisha salamu. Na angalia lugha unayoanza nayo. Sisi wa Walukuba Kiswahili ni cha nyumbani, tumekikuta kwa wazee waliokuja viwandani kutoka kila upande. Lakini Uganda hii Kiswahili kilikuwa pia lugha ya kambi za jeshi na ya vizuizi vya barabarani, na kuna wazee ambao wakisemeshwa Kiswahili na mtu wasiyemfahamu, tena mwenye kamera, moyo unaruka. Baraza la mawaziri lilikipitisha kuwa lugha rasmi Julai 2022, sawa, lakini kumbukumbu za watu hazipitishwi na baraza. Nikitoka mjini kuelekea vijijini naanza na “Kodheyo”, Kisoga changu cha kuvunjikavunjika kinawachekesha, na mtu aliyecheka ameshakubali nusu.

Yule mama wa dagaa siku nilipomwomba mara ya kwanza ilikwenda hivi:

“Habari ya asubuhi, mama. Naomba nikupige picha.”

“Wewe wa ushuru?”

“Hapana mama. Ni ya kumbukumbu tu.”

“Kumbukumbu ya dagaa!” Akawageukia wenzake wakacheka. Kisha: “Ngoja kwanza nifunge leso vizuri. Na usipige miguu.”

Sikupiga miguu. Masharti ya mtu yafuate hata kama yanaharibu picha yako. Akikataa, sema asante, ondoka, usimpige kwa mbali ukijificha nyuma ya mti. Mtoto wa mtu, mwombe mzazi. Picha za watu usizirushe mitandaoni bila ruhusa yao. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na hata isingekuwepo, jirani ni jirani.

Kambi, vituo vya polisi, bwawa la umeme la Nalubaale, daraja jipya la Nile: haya yanalindwa. Daraja lile linavutia, lilifunguliwa Oktoba 2018, nyaya zake asubuhi ni kama zeze. Muulize askari. Akisema hapana, hamna mjadala, piga mto kutoka mahali pengine.

6. Andika mstari mmoja

Picha bila maneno, baada ya miaka mitatu, ni fumbo. Utakuta ukuta, utajiuliza ukuta wa nani.

Mwaka 2015 katika Shirika la Utangazaji la Uganda ziligunduliwa negativu zipatazo 70,000, nyingi za enzi za Idi Amin, zimekaa kabatini. Mwaka 2019 baadhi yake zikaonyeshwa Makumbusho ya Uganda kule Kampala. Jambo lililonigusa ni dogo: bahasha zake zilikuwa zimeandikwa tarehe na kilichopigwa. Watu wa kabati lile walikuwa na tabia ya karani. Bila yale maandishi, hizo zingekuwa sura 70,000 za watu wasiojulikana.

Andika jioni hiyohiyo, kwenye daftari la kawaida au sehemu ya maelezo ndani ya simu. Tarehe, mahali, nani, na kitu kimoja ambacho picha haiwezi kuonyesha: bei, harufu, alichosema mtu. Baadhi ya mistari yangu:

“14 Apr 2020. Umeme hakuna nchi nzima. Wanasema kisiwa cha magugu kimeziba mitambo bwawani. Nimepiga mshumaa.”

“1 Jul 2020. Kuanzia leo Jinja ni jiji. Shimo mbele ya duka ni lilelile.”

“Rolexi (chapati iliyoviringishiwa mayai), mayai mawili, shilingi 2,500. Mwaka juzi 1,500. Chapati imekuwa nyembamba.”

Usiandike “siku nzuri”. Siku nzuri haina maana ukiisoma mwaka wa nne.

7. Hifadhi kabla hujaibiwa

Niliporwa simu kwenye paki ya takisi, mchana kweupe, dirisha la gari likiwa wazi na mimi nikiwa naangalia picha. Miezi minne ilikwenda nayo. Simu ilinunulika nyingine. Miezi haikununulika.

Sasa nafanya hivi. Kila Ijumaa nahamisha picha za wiki kwenye kompyuta ya kazini, kwa ruhusa ya bosi, na kwenye flashi ya kuhifadhia mafaili. Kila faili linaanza na mwaka, mwezi, siku: 2020-05-14. Ukianza na siku, kompyuta itakuchanganyia tarehe mosi zote za miaka yote mahali pamoja. Angalia pia saa ya simu. Betri ikizima kabisa, simu nyingine za zamani hurudi kwenye tarehe ya kiwandani, na picha zako za leo zinaandikwa mwaka ambao hukuwa na simu.

Flashi za barabarani zipime. Niliwahi kununua iliyoandikwa GB 64 kwa bei ya kuchekesha. Ilipokea kila kitu bila kulalamika. Baadaye picha za mwanzo zilifunguka, zilizofuata zikawa nusu picha nusu kijivu. Ukinunua, ijaze yote mafaili yoyote siku hiyohiyo, kisha ufungue yale ya mwisho. Yakigoma, irudishe.

Ukijitumia picha kwa WhatsApp ili “ikae salama”, itume kama dokumenti. Ukiituma kama picha inabanwa na kupoteza ubora. Hifadhi ya mtandaoni ni nzuri iwe ya tatu, isiwe pekee. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa siku kama tano nchi nzima, na aliyekuwa ameweka kila kitu kule alisubiri kama wengine. Kwa hesabu, picha moja ya simu ni MB 3 au 4, kwa hiyo mwaka mzima hauzidi GB 1.5. Nafasi haijawahi kuwa kisingizio.

8. Zitazame zikiwa pamoja

Kupiga ni nusu ya kazi. Usipotazama nyuma umejaza folda tu.

Kila mwisho wa mwezi nazipitia dakika kumi. Kila mwisho wa mwaka nakaa na chai, nazipunguza ziwe ndogondogo kwenye kioo cha kompyuta, mwaka mzima kwa mtazamo mmoja, na najiuliza maswali mawili: nini kimejirudia bila mimi kukusudia? Nani au nini hakipo?

Mwaka wa kwanza jibu la swali la pili lilinikalia vibaya. Nilihesabu picha ambazo mtu ananitazama. Zilikuwa tisa. Karibu siku 366, nyuso tisa, na sita kati yake ni binti yangu. Migongo ilikuwa mingi, watu wa mbali, mikono ikipima misumari dukani. Mama yangu mzazi, ninayekula kwake kila Jumapili, hakuwemo hata mara moja. Viatu vyake vilikuwemo.

Nikajidanganya kwamba napenda vitu kuliko nyuso, ni mtindo wangu. Halafu nikakubali ukweli: nilikuwa naogopa kuomba. Na nilipoufuata ule uoga nikaona haukuwa wa picha peke yake. Ndio uliokuwa ukinizuia kudai hela za wateja waliokopa saruji, ndio ulionifanya nipite kwa fundi aliyekosea mlango wangu bila kusema neno. Picha hazikunitibu. Zilinionyesha jambo hilo kwa hesabu, na mimi ni mtu wa hesabu, siwezi kubishana na tisa.

Mwaka wa pili nikaweka sharti jipya: wiki moja, uso mmoja, kwa kuomba. Miezi mitatu ya kwanza viganja vilitoka jasho. Nilianza na mama.

9. Mwaka wa pili na inayofuata

Jijini New York, Jamie Livingston alipiga picha moja ya Polaroid, kamera inayotoa picha ya karatasi papo hapo, kila siku kuanzia 31 Machi 1979 mpaka 25 Oktoba 1997, siku aliyofariki dunia kwa saratani, ndiyo siku aliyotimiza miaka 41. Filamu ya Polaroid haikuwa ya bei rahisi, na kila bonyezo lilitoa karatasi moja. Nikichoka na simu yangu isiyonitoza kitu, huwa namkumbuka.

Utachoka, kwa kweli. Kwangu uchovu huja mwezi wa tano hivi wa kila mwaka. Ukija, badilisha sharti, usiache kazi: mwezi mmoja piga rangi nyekundu tu, mwezi mwingine vitu vilivyo chini ya goti, au mpe mtoto simu achague yeye. Picha za binti yangu zimenifundisha kwamba nyumba yetu, ukiwa na kimo chake, ni chini ya meza.

Usionyeshe watu kila picha. Nilijaribu mwezi mmoja kuziweka zote kwenye stetasi. Kufikia katikati ya mwezi nilikuwa napiga vinavyosifiwa, mtumbwi na jua, mtumbwi na jua, na nyavu nikazisahau.

Zichapishe chache. Mwisho wa mwaka nachagua 12, sio nzuri zaidi, bali zile ambazo nikizitoa mwaka unakuwa na tundu. Nazipeleka studio, naandika nyuma kwa penseli laini bila kukandamiza, maana ncha ngumu ya kalamu huchora mbele. Na picha ya mtu, chapisha mbili, moja mpelekee. Ndiyo malipo yake.

Desemba ile nilimpelekea mama wa dagaa yake. Alifuta mikono kwenye leso, akaishika kwa pembe. Nilisubiri aseme kuhusu uso wake, nimeupata vizuri, kivuli kimekaa sawa. Hakuuangalia. Alisogeza kidole mpaka nyuma ya bega lake la kulia, pembeni kabisa, mahali ambapo mimi sikuwahi kutazama.

“Mwembe,” akasema. “Mwembe wetu bado umesimama hapa.”

Maji yalikuwa yameuua ule mti, ukakatwa kuni. Nilikuwa nimeupita kila siku. Akaigeuza picha, akasoma tarehe na jina lake, akanirudishia.

“Andika na mwembe.”

Nikatoa penseli.